Kombe: Waislamu wakinywa maandishi ya Kurani, wananywa nini?

Katika Maniema, Mkristu na Mwislamu wanakaa ua kwa ua. Wanachota maji pahali pamoja, wanazikana, na mara nyingine wanaoana. Lakini ugonjwa unapoingia nyumbani, ndipo inapoonekana kwamba kila mmoja hajui vizuri imani ya mwenzake. Mkristu anasikia Kurani ikisomwa taratibu juu ya kichwa cha mtoto mwenye homa. Anaona shingoni mwa mtoto mwingine kifuko cha ngozi kilichoshonwa, ndani yake karatasi yenye maandishi ya Kiarabu. Akisafiri mpaka pwani, ataona tena watu wakinywa maji yaliyooshea maandishi hayo. Basi anatikisa kichwa na kusema: ni uchawi tu.

Sikubali jibu hilo. Si kwamba uchawi haujipenyezi kamwe katika mambo haya. Hujipenyeza, nasi tutaona mlango wake. Lakini jibu hilo linawafumba macho wale ambao kazi yao ni kukaa na Waislamu: mapadri, makatekista, walimu wa masomo, na waganga wa hospitali. Afadhali tuulize kwanza Mwislamu mwenyewe anaamini nini, na walimu wake wakubwa wamesema nini, kisha kila mtu atoe hukumu akijua anahukumu kitu gani.

Mfano wetu tutauchukua Unguja. Uislamu wa Maniema ulitoka huko. Wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa, ambao mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed, yule ambaye wengi tunamwita Tippu Tip, walikaa Nyangwe na Kasongo mpaka vita vya 1892 hadi 1894, ambamo askari wa Leopold II waliwashinda. Miji hiyo miwili ilitwaliwa mwaka wa 1893. Biashara ile ilikwisha, mabwana wake wakafa au wakarudi pwani, lakini lugha, sala na Kurani vilibaki. Mwenye kutaka kujua mizizi ya mambo ya Kasongo hana budi kutazama upande wa bahari.

Huko Unguja dawa hiyo ya maandishi huitwa kombe. Neno lenyewe lilikuwa jina la chombo, yaani sahani au bakuli kubwa. Jina la chombo likawa jina la kile kinachonywewa. Mwalimu wa Kurani anatawadha kwanza, kama mtu anayejitayarisha kwa sala. Anatwaa sahani nyeupe, na badala ya wino anatumia zafarani iliyolowekwa katika marashi ya waridi. (Zafarani ni ghali, kwa hiyo wengi siku hizi hutumia rangi ya chakula.) Kwa kalamu ya mti anaandika aya alizochagua, mstari juu ya mstari, mpaka sahani imejaa. Maandishi yakikauka, anamimina maji na kuyazungusha polepole mpaka herufi zote zimeyeyuka na sahani imebaki nyeupe tena. Maji hayo yenye rangi ndiyo kombe. Mgonjwa anayanywa akitaja jina la Mungu. Kama dawa ni ya siku nyingi, mwalimu anaandika juu ya karatasi. Mgonjwa anaitia ndani ya chupa ya maji nyumbani na kunywa kila siku sehemu yake. Maji hayo hayamwagwi ovyo, maana yamebeba kitu kitakatifu.

Tusifikiri ya kuwa ni ugunduzi wa Waunguja. Katika Darfur, upande wa magharibi wa Sudani, watu wa kabila la Berti huandika juu ya ubao kwa wino wa masizi, kisha huosha ubao na kunywa maji yake. Wahausa wa Nijeria na wa Nijeri hufanya vivyo hivyo. Ubao huo ni ule ule ambao mtoto hujifunzia kusoma. Kila Mwislamu aliyepita katika chuo cha Kurani amejua tangu utoto wake kwamba maji yanayofuta somo la leo si maji ya kunawia miguu.

Sasa, kwa nini wafanye hivyo? Hapa yafaa kusimama kidogo, maana ndipo Wakristu wanapopotea njia. Mkristu akisikia «Kurani», anafikiri mara moja Biblia: kitabu kilichoandikwa na watu walioongozwa na Roho Mtakatifu, kila mmoja kwa lugha yake na tabia yake. Mwislamu hafikiri hivyo. Kwake yeye, tangu mwaka wa 610 hivi mpaka kifo cha Muhamadi mwaka wa 632, maneno yenyewe ya Kiarabu yalishuka kutoka kwa Mungu kwa mkono wa Malaika Gabrieli, na Mtume hakutia lake hata moja. Walimu wa Kisuni walibishana sana zamani, wakakata shauri hivi: Neno la Mungu halikuumbwa, ni la milele kama Mungu mwenyewe. Wino uliumbwa, karatasi iliumbwa, sauti ya msomaji iliumbwa, Neno, hapana. Kwa hiyo, kama tunatafuta katika dini yetu kitu cha kulinganisha na Kurani, tusiitafute Biblia, tumtafute Kristu. Sisi twasema: Neno alifanyika mtu. Wao wasema: Neno lilishuka likawa kisomo. Hata jina «Kurani» kwa Kiarabu lina maana ya kisomo, jambo linalosomwa kwa sauti.

Aliyeelewa hayo haoni tena ajabu kwamba mgonjwa anatamani kulikaribia Neno hilo kwa masikio, kwa ngozi na hata kwa tumbo. Najua ya kuwa msomaji Mkatoliki ataiwaza hapa Ekaristi. Na aiwaze, lakini asikimbie: hakuna Mwislamu anayesema ya kuwa Mungu yumo ndani ya maji ya kombe, wala kombe si ibada ya watu wote. Ni dawa iliyobarikiwa, inayonywewa na mwenye shida, siku ya shida.

Kurani yenyewe inataja kuponya. Walimu wamekusanya aya sita wanazoziita aya za kuponya, na mara nyingi hizo ndizo zinazoandikwa juu ya sahani. Katika sura ya 17, aya ya 82, Mungu anasema kwamba anashusha katika Kurani kilicho uponyaji na rehema kwa wenye kuamini, na kwamba wadhalimu hawapati humo ila hasara. Sura ya 41, aya ya 44, inasema karibu vile vile. Sura ya 10, aya ya 57, inataja uponyaji wa yaliyomo vifuani, na sura ya 9, aya ya 14, inataja pia vifua vya waamini. Sura ya 16, aya ya 69, haisemi habari za Kurani hata kidogo, inasema habari za asali ya nyuki. Na katika sura ya 26, aya ya 80, Ibrahimu anamsifu Mola wake kwamba ndiye anayemponya anapougua.

Msomaji mwangalifu ataona ya kuwa aya hizo hazisemi jambo moja. Mbili zinataja vifua, yaani moyo: shaka, hasira, huzuni. Moja inataja asali, dawa inayolika. Moja inamtaja Mungu peke yake bila chombo chochote. Je, uponyaji wa Kurani ni wa roho tu, au ni wa mwili pia? Swali hilo si la Wakristu. Waislamu wenyewe waliliuliza. Fakhr al-Din al-Razi, mfafanuzi mkubwa aliyekufa mwaka wa 1210, alijibu kwamba ni wa namna mbili: kwanza unaponya roho na upotevu na tabia mbaya, tena unaufaa mwili kwa baraka ya kusomwa. Wengi wamemfuata. Lakini tuangalie utaratibu wake: roho kwanza, mwili nyuma.

Zaidi ya Kurani ziko hadithi, yaani habari za maneno na matendo ya Mtume. Moja inajulikana kwa kila mwalimu wa pwani, nayo imo katika mikusanyo miwili yenye sifa kuliko yote, ule wa Bukhari na ule wa Muslim. Masahaba kadhaa walikuwa safarini, wakafika kwa kabila moja la Waarabu, wakaomba wakaribishwe, wakanyimwa. Baadaye mkubwa wa kabila akaumwa na mdudu mwenye sumu. Watu wake wakahangaika huku na huku, mwisho wakawajia wale wageni: je, miongoni mwenu yuko mwenye kuagua? Mmoja akajibu: yuko, lakini mlitunyima chakula, basi hatusomi bila malipo. Wakapatana kundi la kondoo. Akasoma Fatiha, sura ya kwanza yenye aya saba, huku akimtemea mate kidogo. Yule mkubwa akasimama kama mtu aliyefunguliwa kamba. Wenzake wakaogopa kugawana kondoo kabla ya kumwuliza Mtume. Muhamadi aliposikia akacheka, akauliza alijuaje ya kuwa Fatiha ni rukya, yaani kisomo cha kuponya. Akawaambia wagawane, na wamwekee naye fungu lake.

Hadithi hiyo ndogo imebeba mengi. Fatiha ikapata jina la pili, «Uponyaji». Malipo ya msomaji yakapata ruhusa. Tena aliyeponywa hakuwa mmoja wao.

Hadithi nyingine ni ya nyumbani. Aisha, mke wa Mtume, alieleza kwamba Muhamadi alipougua alikuwa akisoma sura fupi za mwisho za Kurani, zile za kuomba kinga ya Mungu, na kupuliza juu ya mwili wake. Katika ugonjwa wake wa mwisho nguvu zilimwishia; ndipo Aisha alipomsomea yeye, lakini akaushika mkono wa mumewe mwenyewe na kumpangusa nao, akitumaini baraka ya mkono ule. Na Mtume alikufa katika ugonjwa huo. Waislamu wanaisimulia habari hiyo bila aibu yoyote.

Basi, rukya ya kusoma haina mabishano makubwa. Muhamadi aliwaruhusu watu waliozoea visomo vya zamani, kwa sharti wamwonyeshe kwanza maneno yao, na yasiwe na shirki, yaani kumshirikisha kiumbe na Mungu. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyekufa Misri mwaka wa 1449, ameandika kwamba wenye elimu wamepatana juu ya masharti matatu. Kisomo kiwe kwa maneno ya Mungu, au majina yake na sifa zake. Kiwe kwa Kiarabu, au kwa lugha nyingine inayoeleweka. Na anayesoma pamoja na anayesomewa waamini kwamba kisomo hakifanyi kitu chenyewe, ila kwa uwezo wa Mungu. Sharti hilo la tatu ni kubwa kuliko yote. Mganga wa kienyeji hujivunia nguvu ya mti wake, au ya babu zake, au ya pepo anayempanda. Mwalimu wa kweli wa Kurani, ukimsifu kwa kuponya, anakasirika: mimi nimesoma tu, Mungu ndiye aliyeponya.

Na hata ruhusa hiyo ina kilele juu yake. Iko hadithi ya watu sabini elfu watakaoingia peponi bila kuhesabiwa madhambi. Mojawapo ya sifa zao ni kwamba hawakuwa wakiomba kusomewa rukya, bali walimtegemea Mola wao. Mwislamu mchaji anaweza basi kukataa kisomo, si kwa kukidharau, bali kwa kutafuta daraja la juu zaidi.

Mambo huwa magumu tunapotoka katika sauti na kufika kwenye maandishi. Tutazame hirizi kwanza. Sahaba mmoja, Abdallah ibn Amr, anatajwa kwamba aliwafundisha watoto wake wakubwa maneno ya kujikinga na hofu ya usiku, na kwa wale wadogo wasioweza kushika kwa moyo aliyaandika na kuwafunga. Sahaba mwingine, Ibn Masud, alimwona mkewe amefunga uzi shingoni. Akaukata hapo hapo. Mama huyo akajitetea: jicho lake lilikuwa likimwuma, akaenda kwa Myahudi mmoja akasomewa, likatulia. Mumewe akajibu kwamba Shetani ndiye aliyekuwa akilichoma kwa kidole, na alipoona kisomo kile akaacha, ili kumdanganya. Tena akamfundisha sala ya kumwomba Mungu Mponyaji. Tangu siku zile mpaka leo Waislamu wamegawanyika namna hiyo: wako wanaoruhusu hirizi yenye aya za Kurani tupu, wako wanaozikataa zote ili mlango wa shirki ufungwe kabisa.

Na kombe je? Hapa iko habari ambayo wengi hawaitazamii. Ahmad ibn Hanbal, aliyekufa Baghdad mwaka wa 855, ndiye imamu wa madhehebu iliyo ngumu kuliko zote nne za Kisuni. Mwanawe alisimulia kwamba alimwona akiandika, katika bakuli nyeupe au kitu safi, maneno matakatifu kwa ajili ya mwanamke anayeshindwa kuzaa, ili yaoshwe, anywe. Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka wa 1328, mtu aliyepiga vita ibada za makaburini na kila uzushi, ameandika wazi kwamba yafaa kumwandikia mgonjwa maneno ya Mungu kwa wino halali, kuyaosha na kumnywesha. Wengine wa kale hawakupendezwa. Ibrahim al-Nakhai wa Kufa anatajwa miongoni mwao.

Nasema habari hiyo haitazamiwi kwa sababu Unguja na bara ya Tanzania wako leo Waislamu wa kutengeneza dini, wanaoitwa Ansar Sunna, ambao hulaumu kombe kama uzushi, na husema tusome tu kama Mtume alivyosoma. Wazee wa kombe huwajibu: Ibn Taymiyya mnayemheshimu ameruhusu. Kwa mgeni hayo ni mabishano ya watu wa kitabu. Lakini chini yake liko swali la kweli: Neno la Mungu linafanya kazi kwa kueleweka na kuaminiwa, au hata kwa kuguswa tu? Mgonjwa asiyejua Kiarabu, anayekunywa herufi asizoweza kusoma, amepokea nini? Wa Ansar huogopa kwamba amepokea rangi tu na matumaini ya uongo. Wazee hujibu kwamba mtoto naye hunyonya asijue maziwa yametoka wapi. Mimi, kama mgeni katika mabishano hayo, naona kila upande unalinda kitu cha thamani.

Ibn Qayyim al-Jawziyya, mwanafunzi wa Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka wa 1350, amejaribu kusimama katikati. Asimulia kwamba alipokuwa Maka aliugua, asipate tabibu wala dawa. Basi alitwaa maji ya kisima cha Zamzam, akayasomea Fatiha mara nyingi, akayanywa, akapata nafuu. Lakini aeleza pia kwamba dawa ya maneno ni kama upanga: ukali wake hautoshi, lazima mkono wa mpigaji uwe na nguvu. Mkono huo ni imani ya msomaji, na tena imani ya mgonjwa. Kisomo kisipofaa, tusiulaumu upanga.

Sasa tufike kwenye ule mlango nilioutaja. Pembeni mwa Kurani ilikua tangu zamani elimu ya siri za herufi na hesabu: vitabu vya miraba yenye tarakimu, majina ya malaika na majini yasiyojulikana na mtu, saa za nyota. Kitabu maarufu kuliko vyote kina jina la al-Buni, aliyekufa mwaka wa 1225 hivi. Mwalimu akianza kuandika miraba hiyo katikati ya aya, au kuuliza jina la mama wa mgonjwa ili apige hesabu ya nyota yake, au kukubali kuandika ili adui augue, amekwisha kuvuka. Masharti yote matatu ya Ibn Hajar yamevunjika: maneno si ya Mungu tena, hayaeleweki, na tumaini limewekwa katika hesabu. Wenye elimu wa Kiislamu wanamlaani mtu huyo kwa ukali kuliko sisi. Lakini kwa mtu asiyesoma, karatasi ni karatasi, Kiarabu ni Kiarabu. Hawezi kutambua ipi ni Fatiha na ipi ni mraba wa majini, na wako wanaoishi kwa kutojua kwake huko.

Hata lugha yetu inatuchanganya. Huku Kongo munganga ni mtu wa hospitali mwenye sindano na vidonge; yule wa miti na ramli tunamwita mfumu. Pwani, mganga ndiye wa miti na ramli, na wa hospitali ni daktari. Mwalimu wa Kurani si mmoja wa hao wawili, ingawa mara nyingine mtu mmoja anavaa kofia mbili. Mkongo akisikia mtu wa pwani akisema «mganga ameandika kombe», anaweza kufikiri hospitali imekubali. Naye mtu wa pwani akisikia Mkongo akimpeleka mtoto kwa munganga, anaweza kushangaa Mkristu huyu ni wa namna gani.

Kabla ya kuwacheka wengine, tufungue Kitabu chetu. Katika Hesabu, sura ya 5, kuhani anaandika maneno ya laana, anayafuta ndani ya maji machungu, na kumnywesha mwanamke aliyeshukiwa na mumewe. Maandishi yaliyooshwa na kunywewa yamo basi katika Torati ya Musa, ingawa kwa hukumu, si kwa dawa. Na Mtakatifu Agustino, askofu wa Hippo katika Afrika, alipowaeleza watu wake Injili ya Yoane, alisema juu ya wale walioumwa na kichwa wakaweka Injili kichwani. Hakufurahi ya kuwa Injili imefanywa kuwa kitambaa cha kichwa. Alifurahi ya kuwa hawakukimbilia hirizi za wapagani. Alikuwa mchungaji mwenye akili: alijua kupima hatua ambayo mtu ameweza kuipiga.

Limebaki jambo ambalo ni la kufa na kupona. Je, kombe humzuia mgonjwa kwenda hospitali? Kwa mafundisho ya Uislamu, hapana kabisa. Muhamadi alifundisha kwamba Mungu hakushusha ugonjwa bila kushusha dawa yake, na aliwahimiza watu wajitibu. Alikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kama imekukuta ndani. Al-Razi tabibu (si yule mfafanuzi tuliyemtaja) na Ibn Sina, aliyekufa mwaka wa 1037, walikuwa Waislamu, na vitabu vyao vya utabibu vilisomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne nyingi. Unguja leo watu wengi hunywa kombe asubuhi na vidonge vya hospitali mchana, wala hawaoni vita kati ya viwili hivyo.

Lakini kati ya mafundisho na nyumba ya mtu iko njia ndefu. Chukua degedege. Mtoto mdogo ana homa, mara anakaza mwili, macho yanageuka, povu linatoka. Pwani, wengi wamesema tangu zamani kwamba ni pepo. Na ugonjwa wa pepo, wanasema, hauna sindano. Basi mama anakimbia kutafuta wa kumsomea mwanawe, na jua linazama. Mara nyingi sana ugonjwa huo ni malaria iliyopanda kichwani, na mtoto anaweza kufa siku ile ile, wakati dawa ya kumponya iko. Kosa hapa haliko katika Fatiha. Liko katika kumtaja pepo kabla ya kupima damu. Muuguzi akimwambia mama huyo kwamba Kurani yake ni upuuzi, amempoteza, na mtoto pamoja naye. Akimwambia: msomee njiani, mwalimu wako mwenyewe anajua ya kuwa Mtume ameamuru dawa, amesema neno la kweli, na mama atapanda pikipiki. Mwalimu wa Kurani anayejua dini yake anaweza kulisema neno hilo vizuri kuliko muuguzi, na mahali ambapo padri na mwalimu huyo wanajuana kwa jina, jambo hilo linawezekana kupangwa mapema, kabla ya homa.

Na yule ambaye hakupona, wala kwa kombe wala kwa sindano? Kurani inamtaja Ayubu aliyemlilia Mola wake kwamba taabu imemgusa. Akaamriwa apige ardhi kwa mguu, yakatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Lakini si kila mgonjwa anapewa maji ya Ayubu, na Waislamu wanajua. Wanasema ugonjwa uliovumiliwa unafuta madhambi kama mti unavyopukutisha majani. Mtu akikaribia kufa hawamwandikii tena sahani. Wanamgeuza aelekee Maka, wanamlowesha midomo kwa maji, na mmoja anasoma Yasini, sura ya 36, kwa sauti ya chini. Anayesoma anajua ya kuwa mwili huo hautasimama. Wakati huo zile aya mbili za vifua, za sura ya 9 na ya 10, ndizo zenye kazi. Anasomea kifua cha mgonjwa, na cha mkewe aliyeketi mkekani, na chake mwenyewe.